Mwenzake wa Kiti Kitupu

Sauti ilijibu, "Nimechukua," na mhakiki akaendelea na kazi. Alikuwa ameshafungua faili jingine ndipo alipokumbuka kwamba nyuma yake hapakuwa na mtu.

Lakini kwanza ijulikane kazi yenyewe, maana asiyeijua ataona ni hadithi ya kunyamazishia watoto. Katika kampuni ile ya kadi za mkopo kulikuwa na chumba kidogo kilichoitwa Kitengo cha Waaminifu. Humo zilipitiwa akaunti za wateja wanaolipa vizuri, wale wanaokopa kwa kadi leo na kurudisha kabla hawajakumbushwa, ili waongezewe kiwango cha kukopa. Na kwa kuwa pesa haina rafiki, hakuna faili lililopita kwa mtu mmoja. Mmoja alihakiki, mwenzake akaidhinisha. Walikaa mgongo kwa mgongo, kila mmoja na kompyuta yake, na ili wasichoshe shingo kwa kugeukageuka, mhakiki akimaliza faili alisema, "Chukua," na mwenzake akajibu, "Nimechukua." Ndivyo ilivyokuwa kutwa nzima. Mpita njia angedhani mle ndani watu wanagawana karanga.

Sasa mwenzake huyo, ambaye pia alikuwa shoga yake, alikuwa likizo ya uzazi. Bosi hakuleta mtu wa kushika nafasi yake. Wafanyakazi walimwita bosi huyo Kiyoyozi, kwa jinsi alivyozoea kupuliza baridi bila kuombwa. "Wateja wazuri hawana haraka," alisema. "Hakiki tu, kuidhinisha kutasubiri." Basi kiti cha nyuma kikabaki kitupu. Lakini mazoea yana taabu. Mchana ule wafanyakazi wengine wakiwa wamekwenda kula, mhakiki alimaliza faili, akasema neno lake la kila siku, na akajibiwa.

Aligeuka. Kiti kilikuwa kitupu, ila mto wake ulikuwa umebonyea. Chumbani mlinuka nywele zilizoungua.

"Njaa hii," alijiambia kwa sauti, akachukua mkoba akatoka kwenda kula. Hakula.

Siku chache baadaye akaja mwalimu mstaafu, mzee msafi mwenye viatu vilivyong'aa kuliko vya Kiyoyozi. Alikuwa mteja wa miaka mingi, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kuchelewa kulipa hata mara moja. Aliweka kadi yake mezani kwa mikono miwili.

"Binti yangu, nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu, mwalimu. Kuna nini?"

"Nimeletewa ujumbe kwamba akaunti yangu imefungwa."

Mhakiki alitazama kompyuta. Kweli ilifungwa, tena kwa taratibu zote: imehakikiwa, imeidhinishwa. Mwalimu hakuwa peke yake. Karibu kila jina lililokuwa likisubiri kuongezewa kiwango lilikuwa limefungwa, na wote walikuwa watu wasiojua kuchelewesha hata senti. Alitaka kusema ni hitilafu ya mitambo, lakini mzee aliinama kuelekea kwake na kushusha sauti.

"Ingekuwa kadi tu nisingekusumbua. Tangu siku ile, mwenye duka niliyemfundisha mimi mwenyewe kusoma ananiambia nitangulize hela kwanza. Mke wangu anafunga kabati na ufunguo anaulalia. Ukimuuliza kwa nini, hajui. Jana mbwa wangu kanibwekea mpaka nikasimama nje ya geti langu kama mgeni. Mbwa niliyemlea mimi, binti yangu."

Mhakiki alimrudishia kadi yake. Alimsindikiza mpaka mlangoni, na alipokuwa anarudi akashangaa kujikuta anachungulia pale mezani kama mzee yule hajaiba kalamu. Aliona aibu sana. Lakini alichungulia.

Wa kwanza kushukiwa na mhakiki alikuwa Kiyoyozi, na ungekuwa wewe ungemshuku pia. Alimkuta ofisini kwake anafuta miwani.

"Bosi, nani ameagiza wateja wangu wafungiwe?"

"Mimi nilidhani ni wewe," akasema Kiyoyozi, na kwa mara ya kwanza tangu waanze kufanya kazi pamoja akatabasamu. "Nikasema, hatimaye dada yetu kapata akili. Mtu analipa yote kwa wakati, sisi tunakula nini? Riba inatoka kwa anayechelewa. Hao waaminifu wako ni wageni wanaokuja na chakula chao, tunawawekea meza bure."

"Lakini sikuwafunga mimi."

"Basi usimtafute aliyewafunga," alisema Kiyoyozi, akarudi kwenye miwani yake.

Hakumwamini. Alitoka hapo akaenda kwa fundi wa kompyuta, kijana mcheshi ambaye kwa kawaida humpokea kwa utani. Siku hiyo alimpokea macho chini.

"Dada, mimi usiniingize. Nimeangalia. Zimefungwa kutoka kwenye kompyuta ya nyuma yako, na aliyezifunga alikuwa amekaa pale."

"Pale hapakai mtu."

"Ndiyo maana nakuambia usiniingize," alinong'ona fundi.

Kuanzia hapo mhakiki akawa anafanya kazi midomo ameibana, asiseme hata neno moja, na bado nyuma yake kiti kililia kidogo kidogo kama kinavyolia mtu mzito anapobadilisha mkao, na vitufe vikabonyezwa polepole, kimoja, kingine, kwa subira ya mtu asiye na haraka ya kurudi kwake, na kila alipogeuka palikuwa kimya, mto umebonyea, na ile harufu ya nywele zilizoungua ilikuwa imesogea karibu zaidi, hadi ikafika siku akainusa kwenye ukosi wa blauzi yake mwenyewe.

Siku hiyohiyo alitazama foleni ya mafaili yaliyobaki, na jina lililofuata lilikuwa la mumewe.

Mumewe alikuwa mwokaji mikate. Aliondoka nyumbani kabla ya alfajiri kwenda kwenye tanuri, akarudi na unga hadi kwenye nyusi, na unga wote huo aliununua kwa kadi na kuulipia mapema. Walikuwa hawana watoto. Walichokuwa nacho ni kwamba hawakuulizana. Yeye akichelewa kazini, mume humwekea chakula akafunika. Mume akiondoka gizani, yeye hugeukia ukuta akalala. Mashoga zake walizoea kumcheka: "Mwanamume anatoka gizani kila siku na wewe unakoroma?" Naye hujibu, "Nakoroma kwa sababu namjua." Alipoliona jina lile kwenye foleni, kitu cha kwanza kilichomjia hakikuwa hofu. Lilikuwa swali: hivi huko gizani huwa anakwenda wapi hasa? Ndipo alipoogopa kuliko siku zote.

Akampigia shoga yake, aliyekuwa kitandani na kichanga.

"Ulisema chukua?" shoga akanong'ona. "Na hakuna mtu? Wewe mwanamke, akili uliiacha wapi?"

"Nilizoea, mwenzangu."

"Na ulimwambia achukue nini?"

"Sikusema. Nilisema chukua tu."

Kichanga kililia kwa mbali. "Nenda kwa shangazi yangu," shoga alisema. "Leo hii. Na uwe na hela mkononi, kadi hapokei."

Shangazi huyo alikuwa mganga. Alikuwa na mafua na hakuwa na uvumilivu. Alimsikiliza huku akipenga kamasi, na alipoelezwa habari za mwalimu na mbwa wake, akaweka leso chini.

"Huyo ni jini mpokeaji. Anakula imani, ile ambayo watu humwekea mtu. Akishaila, uliyemzaa anakukagua mifuko."

"Kwa nini hawa watu wema?"

"Mwizi nani anamwamini? Jini angekula nini kwake? Wewe umemkalisha kwenye chungu kilichojaa, ukampa kijiko." Alipiga chafya. "Kumtoa naweza. Lakini alichopewa harudishi bure. Atataka imani ya mtu mmoja anayejitoa mwenyewe, kwa kinywa chake. Akipewa hiyo, atazitapika zote na kuondoka, kwa sababu iliyotolewa kwa hiari humshibisha."

"Nitatoa yangu. Na mimi nina kadi, na mimi silipi kwa kuchelewa."

Mganga aliokota leso yake. "Watu wangapi wanakuamini?"

"Mmoja ananitosha, mume wangu. Na yeye hakunijua kwa kadi."

"Mimi sikukuuliza habari ya kadi," alisema mganga.

Mhakiki aliyasikia maneno hayo, tusimsingizie kwamba hakuyasikia. Lakini mtu akipendwa sana hujiona ana akiba isiyokwisha. Imani iliyojengwa kwa mikate na vyakula vilivyofunikwa miaka yote ile, jini gani angeimaliza kwa mlo mmoja? Na kama asingejitoa yeye, kesho lingechukuliwa jina la mumewe, naye angekuwa mke anayenusa mashati. Alikubali.

Kesho yake mchana, watu walipotoka kwenda kula, mganga aliingia na mkoba wake kama mteja mwenye malalamiko. Alinyunyiza maji ya chumvi miguuni pa kile kiti, akasimama mlangoni, akasema, "Fungua faili lako. Sema. Usigeuke, hata ukiitwa na mama yako."

Mhakiki alifungua akaunti yake, na hapo kiti kikalia, na sauti ya shoga yake ikasema kwa upole, "Geuka nikuone, mwenzangu, nimerudi," naye hakugeuka, na ikaja sauti ya mwalimu ikiomba, na ya fundi ikitania, na ya mumewe ikimwita kwa lile jina wanaloitana wao wawili tu taa zikishazimwa, na shingo yake ikataka kugeuka yenyewe kama mlango uliosukumwa na upepo, na pumzi yenye harufu ya nywele zilizoungua ikamgusa nyuma ya sikio, moto, kisha baridi, na akasema huku meno yakigongana, "Rudisha vyote ulivyokula. Chukua hiki changu."

"Nimechukua," ilijibu, na safari hii midomo iligusa ngozi.

Kiti kilibiringika chumba kizima, kikagonga ukuta, kikaanguka. Dirisha lilifunguka. Harufu ikaisha, na chumba kikawa chumba tu, chenye vumbi na nyaya.

"Ametoka," alisema mganga, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. Alipokea hela zake, akazinyanyua kwenye mwanga wa dirisha, noti moja baada ya nyingine. Alipomaliza alizihesabu tena, akaondoka bila kuaga.

Alasiri akaunti zilianza kufunguka zenyewe. Kiyoyozi alipita akifoka, akiuliza nani amewarudisha wale wanaokula bure. Mwalimu mstaafu akapiga simu: mke wake amemrudishia ufunguo wa kabati, kisha wote wawili wamekaa wakalia, wasijue wanalilia nini, na mbwa amelala juu ya miguu yake. "Mungu akuweke, binti yangu," alisema, kisha akasita kidogo. "Samahani, nani mwenzangu hapo? Mbona unataka kujua habari za nyumbani kwangu?" Akakata simu.

Mhakiki alipotoka jioni, mlinzi wa getini, aliyezoea kumpungia mkono, alimwambia afungue mkoba. Aliukagua hadi kwenye bitana. Mhakiki alicheka, akajiambia ndiyo gharama, hawa wote ni watu wa njiani.

Alifika nyumbani mvua ikianza. Mlango ulikuwa umefungwa. Ufunguo wake uliingia lakini haukuzunguka. Akagonga.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Mke wako, jamani. Fungua, nalowa."

Hatua zilikuja hadi mlangoni zikasimama. Alimsikia mumewe akihema upande wa pili, karibu kabisa.

"Ulikuwa wapi?"

Katika ndoa yao hilo swali halikuwa limewahi kuulizwa. "Kazini," alisema.

"Na jana?"

"Kazini! Umekuwaje wewe?"

"Na asubuhi zote zile," alisema mumewe polepole, kama mtu anayesoma maandishi asiyotaka kuyasoma, "mimi niko kwenye tanuri gizani, wewe ulikuwa umelala humu peke yako?"

Mhakiki aliweka kiganja kwenye mlango. Alimwita kwa lile jina lao, akamwambia siku waliyokutana na nguo aliyovaa, akamwambia kovu lililo chini ya goti lake na aliyemtia, akamwambia mambo ambayo hakuna mtu mwingine duniani angeyajua.

"Ndiyo," alisema mumewe. "Mtu anayetaka kuniingilia nyumbani angeyatafuta hayohayo."

"Mume wangu, wewe unanijua."

"Najua kwamba nakupenda," alisema. "Kukuamini ndiko nimejaribu tangu mchana, nimeshindwa."

Kisha alisikia meza ya kulia ikiburutwa sakafuni na kuegemezwa mlangoni. Mumewe alikuwa akilia kwa sauti huku akiisukuma, na hakufungua.