Nzuri, Ila

Saa nne kamili asubuhi, foleni ya kahawa katika Uwanja wa Zabibu jijini Dodoma ilikuwa na watu thelathini, na hakuna hata mmoja aliyeinamisha shingo. Walitazamana, wakataniana, mmoja akalalamikia bei ya soli za viatu na wenzake wakamsikiliza. Miaka mitano nyuma, foleni hiyo hiyo ingekuwa kimya, kila mtu na simu yake. Mageuzi hayo yaliletwa na kidubwasha cha ukubwa wa kifungo cha shati, kilichobandikwa nyuma ya sikio, kiitwacho kichungasaa.

Kichungasaa kiliingia mitandaoni badala ya mwenyewe. Kilisoma makundi ya ukoo, ya kwaya na ya vikao vya harusi, kikapitia picha za vyakula vya watu, kikatuma salamu na kuzijibu kwa maneno ambayo mwenyewe angeyatumia. Kisha saa kumi na mbili jioni kilimnong'oneza muhtasari wa dakika moja. Mtu wa kawaida aliokoa saa nne kwa siku.

Aliyekibuni ni Mhandisi Nakiete Mbonea, mwanamke wa miaka arobaini na miwili, mwenye majivuno kidogo ya mtu aliyefanikiwa, na kusema kweli alistahili kuwa nayo. Ujanja wake mkubwa aliuita kipimo cha mwanzo. Aligundua kwamba nusu ya ujumbe wa Kiswahili ni salamu, akaamua kwamba hali ya mtu hujulikana katika maneno matatu ya kwanza. Basi palipotokea "nzuri" au "salama" hapo mwanzoni, kichungasaa kiliutupa ujumbe katika kapu la salama bila kusoma zaidi, kikajibu kwa shukrani. Saa zake nne Nakiete alizitumia kupalilia mizabibu nyuma ya nyumba na kujifunza zeze, ambalo majirani walilivumilia.

Jumamosi moja adhuhuri, kidege cha vifurushi kilishusha bahasha barazani. Ndani mlikuwa na gauni kutoka kwa mama yake, Bi Nameri, fundi cherehani wa Usangi, milimani Upare. Nakiete alilivaa mbele ya kioo, akacheka, kisha akaacha kucheka. Pindo lilikwenda upogo. Mshono wa begani ulikuwa umerudiwa mara tatu na bado haukunyooka. Huyu ni mama aliyewahi kufumua gauni zima la bibi harusi kwa sababu ya sentimita moja.

"Mama yangu hajambo?" alikiuliza kichungasaa.

"Hajambo," kilijibu. "Siku mia moja na kumi na mbili mfululizo."

"Nisomee ujumbe wake. Mpaka mwisho."

Kilisoma kwa sauti ile ile tulivu. "Marahaba mwanangu. Nzuri sana, ila jicho la kushoto lina ukungu." Jibu lilikuwa, "Nashukuru kusikia hivyo, mama." Wiki tatu baadaye: "Marahaba mwanangu. Nzuri tu, ila ukungu umezidi, na taa naziona zina duara." Jibu: "Nafurahi sana, mama. Uwe na siku njema." Kisha: "Marahaba mwanangu. Salama, ila jicho lile sasa halioni. Ukipata nafasi nipigie." Jibu: "Ubarikiwe, mama."

Nakiete alikaa sakafuni na gauni lake. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Yeye mwenyewe alilelewa hivyo: hata nyumba ikiungua, kwanza unasema nzuri, ndipo unautaja moto. Alilijua hilo tangu utotoni, akalisahau siku aliyokaa kuandika kanuni za mashine.

Alipanda treni ya kasi kwenda Upare alasiri hiyo hiyo, na Jumatatu yeye na mama yake wakawa kliniki ya macho. Daktari alisema ni presha ya macho. La kulia lingeokolewa kwa dawa ya matone. La kushoto lilikuwa limekwisha.

"Mngekuja miezi mitatu nyuma," alianza kusema, akaishia hapo.

Nje, kwenye benchi, Nakiete aliushika mkono wa mama yake. "Mbona hukunipigia, mama?"

"Nikupigie vipi na unanijibu? Tena upesi, kwa adabu. Nikasema huyu mtoto siku hizi ana adabu kuliko alipokuwa kwangu."

"Sikuwa mimi, mama."

Bi Nameri alijitanda khanga upya, polepole. "Sasa nilikuwa nazungumza na nani?"

Nakiete alilia, na mama yake akamwacha alie.

Aliporudi kazini, fundi mwenzake Lusajo alikuwa na dawa tayari. "Tukifundishe neno 'ila' tu, Mhandisi. Kazi ya siku mbili."

"Kifundishe. Lakini wapo ambao hata 'ila' hawaisemi. Wanasema nzuri, wananyamaza, wanangoja uwaulize."

"Kwa hiyo watu warudi kuinama kutwa nzima?"

"Hapana." Hakutaka kuurudisha ule upuuzi, na mizabibu yake aliipenda. Aliandika kanuni mpya: vikao na picha za vyakula vibaki kwa kichungasaa, ila ujumbe wa watu wa nyumbani kisiujibu kamwe. Kila siku saa kumi na moja jioni kitajizima kwa saa moja, na mtu atawasoma watu wake kwa macho yake.

Siku ya kwanza ya kanuni hiyo, Nakiete alikaa kati ya mizabibu akampigia mama yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Habari za huko?"

"Nzuri."

Nakiete hakukata simu; alingoja. Upande wa pili alisikia mkasi ukiwekwa mezani.

"Nzuri," mama alirudia, "ila kutunga sindano kumenishinda. Uzi naupeleka huku, tundu liko kule."

"Nakuja Jumamosi nikutungie."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe, mama."