Shali ya Jumamosi

"Osla, hii ni shali au wavu wa kuvulia samaki?"

Ndivyo Mama Girzie, mama mkwe wangu, alivyonikaribisha kisiwani Unst, na mwaka mzima hakuchoka kuniuliza. Nafuma lesi, anakuta tundu moja limepotea, nafumua, naanza upya. Nilimchukia, nasema kweli. Lakini Magnie wangu alikuwa baharini akivua, nami nilitaka Inga, mwanetu mchanga, abatizwe ndani ya shali niliyoifuma mwenyewe.

Jumamosi moja jioni nilimwacha Inga kwa bibi yake, nikapanda kilimani kuchukua udongo mkavu wa kwetu unaowaka kama kuni. Kama wanawake wote wa kisiwani, nilibeba tenga mgongoni huku mikono ikifuma.

"Jua likizama, sindano chini," Mama Girzie alinionya. "Usiku wa Jumamosi si wetu. Ni wa wale wa kilimani, wasio watu."

Jua likazama. Zilibaki safu chache tu...

Hizi tu, nikajiambia.

Nilipoinua macho, njia haikuwepo. Palikuwa na mlango ubavuni mwa kilima, mwanga hafifu ndani, na harufu ya udongo mbichi.

"Ingia, mwanangu," sauti ikanong'ona. "Umeruka kitanzi."

Miguu iliingia kabla sijaamua. Kikongwe mmoja alikaa kando ya moto usio na joto. Akanionyesha: unganisha vitanzi viwili, zungusha uzi, pitisha. Nikajaribu, nikakosea, nikajaribu tena. Mara matundu yakajipanga sawasawa! Nikacheka kwa furaha.

Akavuta uzi.

Frrr... Yote yakafumuka.

"Tena."

Nikafuma. Akafumua. Nikikosea, anafumua, nikipatia, anafumua. Maziwa yakaanza kunichuruzika kifuani, gauni likalowa. Inga ana njaa, nikawaza.

"Bibi, niache niende. Nina mtoto anyonyaye."

"Najua," akanong'ona. "Maliza kwanza."

Nikageuka. Mlango ulikuwa unajifunga polepole, kama kidonda kinachopona. Hapo nikaelewa kwamba kazi ile haina mwisho.

Wale wa kilimani hawawezi kugusa chuma, kila mtoto wa kwetu anajua. Nikachomoa sindano yangu ya chuma, vitanzi vyote vikaanguka, nikaikita kwenye mwimo. Mlango ukakwama. Nyuma yangu kikongwe hakupiga kelele. Alicheka tu, taratibu.

Nikajipenyeza. Nikakimbia. Tenga, shali, vyote nikaviacha.

Nyumbani, Mama Girzie alikuwa amempakata Inga karibu na moto.

"We! Umetokea wapi tena?"

"Kilimani, mama. Nipe mtoto, ana njaa."

"Njaa ya wapi? Si umemnyonyesha sasa hivi? Ukaniaga, ukaingia kulala."

Inga alikuwa amesinzia. Mdomoni alikuwa na maziwa... na harufu ya udongo mbichi.

Mlango wa chumba changu ulikuwa umefungwa. Ndani, sindano zilikuwa zikigongana, mlio wa mfupa, si wa chuma.

Tik... tik... tik...

Zikanyamaza.

"Mama," sauti yangu mimi ikauliza kutoka chumbani, "unaongea na nani?"

Mama Girzie akautazama mlango. Akanitazama mimi, miguu yangu yenye tope, mikono yangu mitupu.

Kisha akamkumbatia Inga kwa nguvu, akarudi nyuma, kuelekea chumbani.