Mawe ya Lango la Babu

Kila Ijumaa baada ya masomo, darasa la sita walifanya usafi wa mazingira. Hellen, kiongozi wao, alitaka njia ya ofisini ipambwe kwa mawe mapya yaliyopakwa chokaa.

"Tuyatoe wapi?" Pius aliuliza. "Mimi sibebi majabali, shingo ninayo moja."

"Kilimani, kwenye ule ukuta wa zamani. Yanalingana, tena yamekaa tu."

Waliyashusha mpaka jioni. Jumatatu mwalimu mkuu aliwasifu mbele ya shule nzima.

Jumatano akaja Teodora, afisa wa mambo ya kale kutoka Mwanza. Mzee Luhende, babu yake Hellen, alikuwa amemsubiri miaka mingi, maana ngome ile ya mawe iliyo juu ya kijiji cha Kamanga ilikuwa bado haijaanza kulindwa. Hellen alimshika babu mkono, wakapanda wote watatu.

"Mzee, nionyeshe hilo lango ulilonieleza," Teodora alisema.

"Utainama kidogo, mwanangu. Waliolijenga hata majina yao hatuyajui, lakini walitaka kila anayeingia ainame."

Walipofika, lango halikuwepo. Palikuwa na pengo na udongo mbichi. Babu alinyoosha mkono palipokuwa na mawe, akashika hewa. Machozi yakamtoka kimyakimya.

Hellen akalitambua pengo lile; hakuwa amejua kwamba mawe yale ndiyo lango. "Ni mimi, Babu. Yako shuleni, tumeyapaka chokaa. Tutayarudisha leo leo."

"Mkiyarudisha," Teodora aliuliza kwa upole, "lipi litakaa juu ya lipi?"

Hellen akamgeukia. "Si mtaangalia kwenye picha?"

"Picha ndiyo nimekuja kupiga leo."

Hapo Hellen akalia kwa sauti. Katikati ya kwikwi akakumbuka. "Ijumaa darasa la saba wanakuja kuchukua mengine."

Teodora alimpigia mwalimu mkuu simu palepale, safari ile ikafutwa. Akapiga picha ukuta wote uliobaki. Kesho yake darasa la sita walirudisha mawe, wakayalaza kando ya pengo bila kuyapanga, kama walivyoelekezwa. Pius hakutania hata mara moja.

"Umenikasirikia, Babu?" Hellen aliuliza.

"Hapana, mjukuu wangu. Nina msiba tu. Lango limekwenda, halirudi." Alimvuta karibu. "Kitu usichokijua, uliza kabla hujakigusa. Na ukikosea, sema upesi kama ulivyosema jana. Ukuta huu mwingine umesimama kwa sababu hukunyamaza."