Maji ya Bukundi

Mzee wa kanisa, Mungu anisamehe, mimi ndiye niliyemcheka rafiki yangu Mayige. Mwaka huu wanunuzi binafsi wa pamba walipoingia, aliuza yake akanunua baiskeli, akapanga kwenda porini upande wa Bukundi kuchota maji ya chemchemi ya moto, ili mama yake aoshe miguu iliyokufa ganzi.

"Wenyeji wanaomba kwanza ndipo wachote," aliniambia.

"Unamwomba nani? Chura? Wewe si umebatizwa?"

Basi akachota bila kusema neno. Anasema chemchemi ilikuwa ikitokota, ikanyamaza mara tu alipofunga dumu. Giza lilimkuta njiani, na nyuma yake, kwenye keria, mtokoto uleule ukaendelea.

Alipofika nyumbani, maji yalikuwa hayashikiki kwa moto. "Mayu, subiri yapoe," alimwambia mama yake. Mama akasubiri usiku ule, na kesho yake, na keshokutwa, miguu ikizidi kuwa baridi, na baridi ikipanda kiunoni, mpaka kifuani.

Juzi tumemzika. Dumu Mayige ameliacha jikoni kwangu, na tangu msiba sijawasha moto humo. Naomba uingie, uliguse.