Sauti Chini ya Mikoko

Foleni ya duka la dawa karibu na stendi ilikuwa imefika mlangoni, na kila aliyekuwemo alimsikia kijana wa mbele akisema, "Naomba kondomu. Boksi zima."

Muuzaji alimtazama, kuanzia shati lililopigwa pasi vizuri hadi suruali iliyoganda tope magotini. "Zima?"

"Ni za maikrofoni. Naifunika isiingie maji."

Foleni nzima ilicheka. "Siku hizi inaitwa maikrofoni," alisema mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, na kijana akakosa pa kuuweka uso wake.

"Anasema kweli," ilisikika sauti ndogo nyuma yake. Alikuwa msichana wa gauni la rangi ya chungwa, lenye vifungo kuanzia shingoni hadi chini, na aibu ilikuwa imemshika kuliko kijana mwenyewe. "Hata sisi chuoni tunafanya hivyo. Mpira unazuia maji, sauti unaiacha ipite."

Kumbe chuo chao kilikuwa kimoja. Kijana alichunguza ndege na wanyama wanaoishi kwenye mikoko. Msichana alisomea maji ya pwani. Mwalimu wao alipokuja kuwaunganisha katika utafiti mmoja, walijifanya kushangaa, ingawa hakuna aliyedanganyika.

Walipewa mkono wa bahari uliopita nyuma ya jiji, chini ya daraja la magari. Kijana alitega kinasa sauti majini, kati ya mizizi ya mikoko, na msichana akakaa maabara na hedifoni masikioni, akisikiliza ni samaki na kamba gani wanaozaliana pale. Kijana akambandika jina la Masikio. Naye msichana akamwita Kasa, yule kobe wa baharini, kwa lile begi lisilobanduka mgongoni na mwendo wake wa taratibu.

"Masikio, umekula?" Kasa alikuwa akimpigia simu mchana.

"Nasikiliza kamba."

"Wanasema nini?"

"Wanasema Kasa apunguze simu, watu wako kazini."

"Waambie Kasa amekufa, ameoza."

Masikio alicheka peke yake huku akiuziba mdomo kwa kiganja.

Jambo moja tu hawakulizungumza sana. Upande ule wa mikoko hapakutua ndege. Tena ukishaingia chini ya matawi, kelele za magari ya darajani zilikatika ghafla, kama mtu amefunga mlango nyuma yako.

Alasiri moja Masikio alikuwa peke yake maabara, feni ikilalamika juu ya kichwa chake. Masikioni, katika sauti zilizonaswa Jumamosi, kamba walikuwa wakilia kama mafuta yaliyochemka kwenye kikaango. Mara wakanyamaza, wote kwa pamoja. Katika ukimya ule ikaja sauti ya mwanamke, kwa mbali, kana kwamba yuko nyuma ya ukuta.

"Kasa. Kasa, geuka nyuma. Rudi, mpenzi wangu. Nisamehe."

Kisha kamba wakaanza tena.

Alirudisha, akasikiliza upya, akarudisha tena. Akaichukua simu.

"Jumamosi ulikwenda na nani kule?"

"Peke yangu. Kwani vipi?"

"Usinifanye mjinga. Kuna mwanamke anakuita mpenzi wake. Anakuomba msamaha. Na lile jina nililokupa mimi, umekwenda kumpa yeye."

"Masikio, pale hapafiki mtu. Hata ndege hawaji, unajua."

"Kwa hiyo nimerukwa na akili?"

"Sijasema hivyo."

"Basi usinipigie tena."

Kasa alipiga, tena na tena, hakupokelewa. Chuoni, Masikio alikuwa akibadilisha njia kila alipoliona lile begi kwa mbali. Mwisho ukaja ujumbe mfupi: "Kesho mchana nakwenda kukitoa kinasa sauti. Nitamwachia mwalimu. Sitakusumbua tena."

Kesho yake Masikio hakwenda chuoni. Alibaki chumbani na mdogo wake, fundi cherehani, aliyekuwa akikata kitambaa juu ya kitanda. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Hebu nimsikie huyo mwanamke anayekuliza," alisema mdogo wake, akaipachika hedifoni iliyounganishwa na kompyuta ya dada yake. Alisikiliza, akakunja uso. "Dada, unanitania?"

"Kwa nini?"

"Huyu si wewe?"

"Mimi? Mimi nina sauti ya pua hivyo?"

Mdogo wake akachukua simu, akafungua ujumbe wa sauti ambao dada yake alimtumia akimwagiza vitunguu. Masikio akasikia pua ileile, na neno la mwisho likivutwa vilevile. Siku zote alisikiliza samaki. Yeye mwenyewe hakuwahi kujisikiliza.

"Lakini sijawahi kuyasema maneno haya," alinong'ona. "Hata siku moja."

Mdogo wake aliuweka mkasi chini polepole. "Basi labda bado hujayasema."

Wakatazamana. Nje jua lilikuwa la utosi. Masikio akapiga simu ya Kasa, haipatikani. Alitoka na gauni lake la chungwa na ndala za nyumbani, akasimamisha pikipiki, na njia nzima alikuwa akimsihi dereva aongeze mwendo.

Chini ya matawi, jiji likakatika. Ndala zilibaki kwenye tope. Kwa mbali akamwona Kasa amechutama kwenye kisiwa cha matope, amempa mgongo, hedifoni masikioni, akijaribu kinasa sauti kabla ya kukitoa. Nyuma yake mfereji aliouvuka kwa miguu ulikuwa umejaa. Maji ya kahawia yalipanda bila mlio.

Alipaza sauti. Kasa hakutikisika. Akaingia majini hadi kiunoni, gauni likielea kumzunguka.

"Kasa. Kasa, geuka nyuma."

Yaliyobaki yalitoka yenyewe, kama maneno aliyoyakariri utotoni. "Rudi, mpenzi wangu. Nisamehe."

Kasa akashtuka. Kwanza aliinama, akayatazama maji yaliyokuwa miguuni pake. Ndipo akageuka.

Alikinyakua kinasa sauti, akavuka na begi kichwani, maji yakimfika kidevuni, na Masikio akamdaka mkono wa shati na kumvuta hadi wote wawili wakaanguka kwenye mizizi. Walipokaa chini ya daraja, wakitiririka maji, nyuma yao kisiwa kilikuwa hakionekani tena.

"Kwa masikio ya kawaida sikukusikia," alisema Kasa, akitetemeka. "Ulikuwa unaniita kutoka chini ya maji, ndani ya hedifoni."

Masikio akamweleza yote. Kasa alisikiliza hadi mwisho, akajipangusa uso.

"Kwa hiyo siku zote hizi ulikuwa unajionea wivu mwenyewe."

"Nyamaza."

"Mkali kweli huyo mwenzako."

Masikio alimpiga begani, akacheka, kicheko kikageuka kilio. Kasa akamshika mkono. "Nataka kukuoa, Masikio."

"Unatetemeka, hujui unalosema."

"Najua vizuri."

"Naogopa," alisema. "Maji yale kesho yatasema nini tena? Niache nifikirie."

Jumatatu walikaa maabara bega kwa bega, wakigawana hedifoni, sikio moja kila mtu. Pale palipokuwa na sauti ya mwanamke, sasa palikuwa na kamba tu. Wakafungua sauti mpya, ile iliyotolewa majini siku ya mwisho.

Kamba walilia, walilia, kisha wakanyamaza. Masikio akamshika Kasa goti.

Ikaja sauti ya mzee, ya kukwaruza.

"Masikio. Mke wangu, umepekua nyumba nzima kutafuta miwani, nayo iko kichwani mwako." Mzee akacheka, akakohoa, na kamba wakaendelea.

Kasa aliivua hedifoni. Uso ulikuwa umemkunjamana.

"Nani huyo mzee?"

"Mzee gani?"

"Huyo anayekuita mke wake. Na jina nililokupa mimi, yeye amelitoa wapi?"

Masikio alimtazama kwa muda, ile mikunjo ya paji la uso, ule mdomo uliovimba kwa wivu. Akaikunja waya ya hedifoni taratibu, akaiweka mezani.

"Lile swali lako la chini ya daraja," alisema. "Nimekubali."

"Usinibadilishie maneno. Nimekuuliza, ni nani?"

"Nimeshakujibu."