Amana Chini ya Kitanda

Hamimu alikuwa fundi wa magari katika mtaa wa Buyenzi, mjini Bujumbura. Mkewe, Mwantum, aliuza chai na mandazi mlangoni mwa nyumba yao. Watoto wao wanne, Djibril na wadogo zake, walilala kitanda kimoja kikubwa. Hamimu alikuwa mtu wa maneno machache, ila ukimgusia habari za injini, chai yako ilipoa mkononi.

Ilikuwa mwaka 2001, na vita vilikuwa bado havijaisha. Watu wengi walifunga nyumba zao na kuondoka. Siku moja rafiki yao Jovithe, mfanyabiashara wa mbao, alikuja kuaga. Alikuwa anaipeleka familia yake Kigoma. Alibeba mzigo mrefu uliofungwa kwa kitenge. Hakuwaficha kitu. Alisema ni bunduki yake ya kuwindia, na kibali chake, yaani permi, kimo humohumo.

"Ndugu yangu, mi naachia we iyi amana," alisema Jovithe. "Iko na permi. Hakuna mutu atawasumbua."

Hamimu aliipokea kwa mikono miwili. Alivyolelewa yeye, amana haifunguliwi, haitumiwi, wala hapewi mtu mwingine. Mzigo ukawekwa chini ya kitanda cha watoto, maana hapo tu ndipo ulipoenea. Ukakaa miezi miwili.

Kisha habari zikaenea kwamba askari watapita nyumba kwa nyumba kutafuta silaha. Hamimu hakushtuka. Alisema wa kuogopa ni wenye bunduki zisizo na karatasi. Mwantum yeye alikosa raha. Alianza kuunguza mandazi, jambo ambalo halikuwahi kutokea, na wateja wakamtania kwamba amepata mpenzi.

Mteja mmoja hakucheka. Huyo alikuwa Marguerite, jirani yao. Kabla ya kustaafu alikuwa karani, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kupiga chapa vibali vya bunduki. Mwantum alimuuliza kwa kuzungukazunguka: bunduki ikiwa na karatasi, si inaweza kukaa nyumba yoyote? Marguerite alimaliza chai yake kwanza. Halafu akasogeza kiti karibu.

"Apana, Mama Djibril," alisema kwa sauti ndogo. "Permi iko na jina ya mutu moja na namba ya bunduki yake. Ule mutu akienda, we hauna permi. Uko tu na bunduki ya mutu mwingine."

Alimweleza yote polepole. Anayetaka kibali hueleza sababu yake, na mwenendo wake huchunguzwa. Kibali kina tarehe ya mwisho. Hakiazimwi, hakirithiwi, wala hakiachwi kwa rafiki. Mwenye bunduki akitaka kusafiri, aende kwanza ofisini kuuliza aiache wapi.

Jioni wanawake hao wawili walipomwambia Hamimu kwamba lazima polisi waambiwe, alikasirika kweli. Aliuliza atamtazama Jovithe kwa macho gani, akisikia amana yake imepelekwa polisi. Marguerite hakumbembeleza.

"Baba Djibril, amana si kuficha. Amana ni kulinda kitu mupaka mwenyewe aje. Ukiwa mu gereza, utailinda namna gani?"

Hamimu akainuka, akasema ataifunga kwenye baiskeli aipeleke saa hiyohiyo. Marguerite akamzuia. Alimwambia asiiguse na asiipitishe barabarani, kwani askari akimwona na bunduki hatangoja maelezo. Aende mikono mitupu, atoe taarifa, na wenye kazi hiyo waje kuichukua. Yeye mwenyewe angemsindikiza.

Asubuhi wakaenda. Hamimu alivaa kanzu yake ya Ijumaa, utadhani anakwenda kuposa. Ofisa alimuuliza kwa ukali kwa nini amekaa na bunduki miezi miwili. Hamimu alisema kweli tupu: alidhani karatasi inatosha. Ofisa aliandika maneno yake, akampa atie sahihi, kisha akatuma polisi wawili wafuatane naye.

Nyumbani, polisi mmoja aliivuta bunduki kutoka chini ya kitanda, akaifungua. Akatoa risasi moja.

Mtoto wao mdogo alipenda kujificha chini ya kitanda kile alipocheza na wenzake. Mwantum alikaa sakafuni akalia, huku akisema alhamdulillahi, alhamdulillahi.

Polisi waliwaandikia karatasi ya kupokea, yenye jina la Jovithe, namba ya bunduki, tarehe, sahihi na muhuri. Marguerite alilinganisha namba na bunduki yenyewe kabla haijaondoka. Wiki iliyofuata askari walikuja kupekua. Chini ya kitanda walikuta kandambili tu, wakaenda zao.

Jovithe alirudi mwaka 2004. Hamimu alikuwa ameyapanga maneno yake kwa miaka mitatu, lakini yote yalimtoka kichwani. Akampa ile karatasi, akamweleza kila kitu, hata habari ya risasi. Jovithe aliisoma mara mbili. Alikiri kwamba ni yeye aliyeisahau risasi ile ndani, na kwamba kibali kilikwisha muda akiwa Kigoma. Alisema ataiachia serikali bunduki hiyo, haitaki tena.

Kisha akaomba kuwaona watoto. Wakaja wote wanne, akawashika vichwani mmoja mmoja. Machozi yalimlengalenga.

"Kama mungeificha mupaka leo," alisema, "pengine ningeikuta, na moja wa hawa hayuko. Asante, ndugu yangu. Asante sana."

"Usishukuru mi," alijibu Hamimu. "Twende kwa Marguerite."

Wakaenda wote, watoto mbele.