Mboga Zilizooga Kuliko Sisi

Mwaka ule wa korona, nyumbani kwetu sisi watu tulioga mara mbili kwa siku. Mchicha ulioga mara tatu.

Kila asubuhi Kang Sarwidi, na kang kwetu ni kaka, aliingia kichochoroni kwetu akisukuma mkokoteni wake wa mboga. Aligonga kengele: teng, teng, teng. Kengele haijanyamaza, kina mama tisa walikuwa wameshauzunguka mkokoteni kama kuku waliomwagiwa mahindi. Mama yangu, Bu Rumiyati, yaani Mama Rumiyati kama majirani wanavyomwita, alikuwa mbele yao wote. Barakoa alikuwa nayo. Ilimkaa vizuri sana kidevuni.

"Kang, nyanya hizi mbona zimelala?" Mama aliuliza.

"Zimetoka mbali, Bu. Zimechoka."

"Zimechoka kuliko mwenye mkokoteni?"

Kina mama walicheka, vichwa vimegusana. Mmoja alimnong'oneza Mama sikioni habari za harusi ya mtu. Mwingine alikohoa kidogo, akaomba radhi, akaendelea kuchagua pilipili. Nusu saa nzima walisimama pale. Kununua mboga kulichukua dakika tano. Zilizobaki zilikuwa za umbea.

Kisha Mama alirudi nyumbani, na hapo ndipo vita vilipoanza.

"Wening, usiguse kitu! Leta mabeseni!"

Mabeseni yalikuwa matatu. La kwanza la maji ya sabuni. La pili la klorini, ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. La tatu la maji matupu. Mchicha uliingia yote matatu. Mayai yalisuguliwa kwa brashi. Ndizi zilipanguswa moja moja kama watoto wachanga. Pakiti ya chumvi ilianikwa kwenye kamba ya nguo, pembeni ya soksi zangu.

"Mama, biskuti hizi zimekaa karantini siku tatu," nilimwambia. "Tuzipime joto, au tuzifungulie tu?"

"Cheka, mwanangu. Korona haijui utani."

Mikono yake ilikuwa imechubuka kwa klorini. Vidole vilipasuka kwenye maungio. Nikimwambia apumzike, alinifukuza jikoni.

Alikuwa na sababu. Baba yangu ni fundi ujenzi Jakarta. Mwaka ule safari zilizuiwa, hata Idi hakuja. Kila siku alipiga simu, na kila simu iliisha kwa maneno yale yale: "Rum, mama yangu nimekuachia wewe."

Mama yake ndiye Mbah, bibi yetu. Ana miaka sabini na minane. Mapafu yake ni mabovu tangu zamani, kwa sababu ya kupikia kuni chumba kisicho na dirisha. Mwezi uliotangulia, rafiki yake wa kutafuna naye tambuu alikufa kwa korona katika kichochoro cha tatu. Hatukuruhusiwa kwenda kuzika. Mbah alisimama mlangoni akalitazama gari la maiti likipita, kisha akaingia ndani.

Tangu siku hiyo Mama hakulala vizuri. Kila ujumbe ulioingia kwenye simu yake aliuamini. Ukisema sabuni, aliweka sabuni. Ukisema klorini, aliweka klorini.

Kwa mchicha, tulivumilia. Shida ilikuwa tempe. Tempe ni soya iliyovundikwa hadi ikashikana kipande kimoja, na hunyonya maji yoyote unamoitumbukiza. Mama alifungua jani la mgomba lililoifunga, akailoweka tempe katika klorini dakika kumi, ndipo akaikaanga.

"Vipi tempe?" aliuliza mezani.

"Tamu, Mama," nilisema. Machozi yalinilenga.

"Tamu, mwanangu," alisema Mbah. "Ila nimeshiba."

Alikuwa amekula kipande cha ukubwa wa ukucha.

Kwetu, kumwambia mpishi kwamba chakula chake kibaya ni sawa na kumpiga kofi. Unasema kitamu, unashukuru, kisha unatafuta paka alipo. Kwa hiyo kwa wiki mbili nyumba nzima ilisifu tempe. Na kwa wiki mbili Mbah alikonda. Batiki yake ya kiunoni, iliyokuwa ikimtosha, sasa ilimzunguka karibu mara mbili.

Mama aliona. Alimgusa Mbah paji la uso asubuhi na jioni. "Hali chakula," alininong'oneza. "Wening, nasikia wenye korona hupoteza hamu ya kula."

Asubuhi moja ya Jumatano, ujumbe mwingine uliingia kwenye simu. *Klorini peke yake haitoshi. Ongeza siki.*

Mama alifunga dirisha la jikoni, ati upepo usilete korona. Mbah alikuwa kwenye kiti chake karibu na meza, akikata maharage mabichi. Mama alimimina klorini katika beseni. Akamimina siki juu yake.

Nilikuwa uani nikifua. Nilisikia kikohozi. Halafu kingine, kirefu, kisichopata pumzi. Nilipofungua mlango wa jikoni, harufu kali ilinichoma macho na koo. Mbah alikuwa ameshika kifua. Mama alikuwa amemshika Mbah.

"Nje!" nilipiga kelele. "Mtoe nje, Mama!"

Tulimburuta hadi uani. Nikaacha mlango wazi kabisa. Mbah alikohoa, akakohoa, uso umemwiva. Mama alijishika kichwa, mikono yake ikidondosha maji.

"Imemfika," alilia. "Korona imemfika. Nitamwambia nini baba yako?"

Mimi ni mtu wa mzaha. Siku ile sikuwa na hata mmoja.

Bu Wuryani alitusikia kutoka ng'ambo ya kichochoro. Yeye ndiye anayepima uzito watoto wa mtaa wetu kila mwezi, na siku hizo za korona alifuatilia wagonjwa nyumba kwa nyumba. Alifika mbio, barakoa imefunika pua na mdomo. Alinusa mara moja.

"Mmechanganya nini humo ndani?"

"Klorini na siki," nilisema.

"Asirudi jikoni mtu yeyote. Mbah, vuta pumzi polepole. Hivyo hivyo. Huyu aende zahanati sasa hivi, mapafu yake si ya kubahatisha."

Zahanati si mbali, lakini Mbah hakuweza kutembea. Mkokoteni wa Kang Sarwidi ulikuwa bado mwisho wa kichochoro. Aliondoa viazi, akatandika gunia, tukampandisha Mbah katikati ya kabichi.

Tulipofika kwenye kona, kikohozi kilikuwa kimepungua kidogo. Mbah alifungua jicho moja.

"Kang, usiniuze njiani."

"Nani atakumudu, Mbah? Bei yako iko juu."

Mama alicheka huku analia, akiushikilia mkokoteni kama anaogopa utakimbia.

Zahanati walimsikiliza kifua, wakampa hewa ya kuvuta kwa muda, wakampima korona. Hakuwa nayo. Mchana walituruhusu kurudi. Walituambia tumwangalie, na pumzi ikimbana tena tumrudishe bila kusubiri.

Tulikaa uani, kwenye hewa. Bu Wuryani alichukua kiti akakiweka mbali kidogo nasi.

"Bu Rumiyati," alisema, "klorini na siki zikikutana hutoa hewa ya sumu. Usizichanganye kamwe. Wala klorini na dawa nyingine ya usafi. Hiyo hewa ndiyo iliyomkaba Mbah."

"Nilitaka kumlinda," Mama alisema kwa sauti ndogo.

"Najua. Mtaa mzima unajua. Lakini klorini si ya chakula. Wala sabuni. Vinaingia kwenye mboga, na unavila."

"Sasa mboga nizioshe na nini?"

"Maji safi yanayotiririka. Sugua kwa mikono, basi. Pakiti na makopo, viache. Ukitoka kununua, osha mikono yako kwa sabuni. Ukimaliza kupanga vitu, osha tena. Kirusi hakiingii kwa kutazama pakiti. Kikiwa mkononi, kinangoja ujishike pua au mdomo. Kwa hiyo dawa ni kuosha mikono, si kuogesha biskuti."

Nilimtazama Mama. Mama hakunitazama.

"Lakini Mbah hali chakula!" alisema ghafla. "Wiki mbili sasa! Kama si ugonjwa, ni nini?"

Mbah alivitazama vidole vya miguu yake.

"Mwanangu," alisema. "Ni tempe."

"Tempe imefanya nini?"

"Inanuka kama choo cha stesheni."

Mama alishika kiuno.

"Nilimpa kuku," Mbah aliendelea, maana ukishaanza kusema kweli ni vigumu kusimama. "Kuku akanitazama, akaondoka."

"Na wewe Wening? Ulisema tamu!"

"Mama, mimi naishi hapa. Ningelala wapi?"

Bu Wuryani aligeuka kando, mabega yanamtikisika. Lakini Mama hakucheka. Alipiga magoti mbele ya kiti cha Mbah.

"Kwa nini hukuniambia, Mbah? Ulikuwa unakufa njaa mbele yangu."

Mbah aliichukua mikono ya Mama, ile iliyopasuka, akaiweka mapajani pake.

"Niliona mikono hii inachubuka kwa ajili yangu. Ningesemaje?"

Hapo wote wawili walilia, na mimi nikaenda kuangalia soksi zangu kwenye kamba, ingawa zilikuwa kavu tangu jana.

Bu Wuryani aliwaacha wamalize. Kisha akauliza taratibu, "Asubuhi, kwenye mkokoteni wa Kang Sarwidi, huwa mko wangapi?"

"Tisa. Lakini barakoa ninayo!"

"Huwa iko wapi?"

Mimi nilinyoosha kidole kwenye kidevu changu.

"Korona husafiri zaidi kwa pumzi, Bu. Mtu akisema, akicheka, akikohoa karibu yako. Wewe unaupiga vita mchicha masaa mawili, na kabla yake umesimama nusu saa uso kwa uso na watu wanane. Mchicha haukohoi."

Mama alikaa chini kabisa. Niliona rangi yake inabadilika. "Kwa hiyo kama ingekuja," alisema, "ningeileta mimi. Na mdomo wangu."

"Ingekuwa hivyo. Haijawa. Tubadilishe kesho."

Na tulibadilisha. Mama mwenyewe aliwaeleza majirani, kila mmoja akiwa mlangoni kwake. Kila nyumba ingetundika kikapu getini, na ndani yake karatasi ya mahitaji. Kang Sarwidi angepita, asome, ajaze. Anayetaka kuchagua mwenyewe, aje peke yake, pua na mdomo vimefunikwa.

"Sasa umbea tutaufanyia wapi?" jirani wa kushoto alilalamika.

"Hapo hapo mlangoni kwako," Mama alisema. "Paza sauti."

"Umbea wa kupaza sauti si umbea, Bu. Ni tangazo!"

Siku za kwanza zilikuwa za fujo. Kang Sarwidi hakuweza kusoma mwandiko wa jirani huyo, akamletea kitunguu saumu kilo nzima. Mumewe alikula akilalamika wiki hiyo yote, na habari hiyo ilitangazwa kwa sauti kubwa. Lakini vikapu vilibaki getini. Jikoni kwetu mabeseni mawili yalirudi kufulia nguo. Dirisha lilibaki wazi. Chumvi ilishuka kwenye kamba, ikarudi kabatini kama chumvi nyingine za duniani.

Wiki ya sita, kengele haikulia. Kang Sarwidi alikuwa na homa. Alipimwa, akakutwa na korona.

Kichochoro kizima kiliingiwa na baridi. Mama alihesabu siku kwa vidole. Alimpima Mbah joto hadi Mbah akatishia kuhamia kwa kuku. Siku kumi zilipita, kisha kumi na nne. Katika nyumba tisa, hakuugua mtu.

"Ni vikapu?" Mama alimuuliza Bu Wuryani.

"Siwezi kuapa. Lakini fikiria vile vichwa tisa vimegusana juu ya pilipili."

Mama alifikiria. Kisha akapika supu, akaitundika kwenye geti la Kang Sarwidi. Majirani walifuata, kila siku nyumba moja. Alipopona alirudi mwembamba, barakoa usoni, akigonga kengele taratibu. Tulimpigia makofi kila mmoja kutoka mlangoni kwake.

Siku hiyo Mama alinunua tempe. Aliosha mikono. Alifungua jani, akaikata, akaikaanga na kitunguu saumu. Simu ya Baba ililia tukiwa mezani.

"Rum, mama yangu anakula?"

Mama aliielekeza simu kwa Mbah. Mbah alikuwa na kipande cha nne mdomoni, na mkono wake umeshafika kwenye cha tano. Alitafuna bila haraka. Akameza. Akamtazama Mama usoni.

"Leo chumvi imezidi, Rum," alisema.

Mama alitabasamu kama aliyepewa zawadi, akamsogezea sahani.